Mwanangu ana miezi 10, kila wiki mbili tuko hospitali. Ni kipimo gani tumekiruka?

Mama K, Sengerema

Habari zenu wapendwa. Naombeni mnisome hadi mwisho. Nitaandika kirefu, maana nikifupisha najua mtaniuliza yale yale niliyokwisha kuulizwa huku.

Mwanangu wa kiume ana miezi 10. Alizaliwa salama na kilo 3.1, akanyonya vizuri, chanjo zote kapata kwa wakati. Hadi miezi mitano hata mafua sikuyaona. Alipotimiza sita mambo yakabadilika, na tangu hapo sijalala usingizi wa kueleweka.

Daftari lake la hospitali ninalo hapa mezani kwenye cherehani (nashona nguo sokoni). Mwezi wake wa sita mwanzoni: homa, malaria hakuna, wakasema ni meno, panadol ya maji. Mwezi huo huo mwishoni: homa, wakasema UTI, sindano siku tano. Mwezi wa saba malaria ilionekana kweli, akapewa mseto, akachangamka siku nne tu kisha joto likarudi. Mwezi wa nane nimonia. Hapo tulilazwa siku sita, na ndipo kwa mara ya kwanza wakapima wingi wa damu wakakuta 5.4. Akaongezewa damu, rangi ikarudi, tukaruhusiwa na dawa za kuongeza damu na ushauri wa kumpa mchicha na maini. Mwezi wa tisa homa mara mbili. Wiki iliyopita tena, 38.9, antibiotiki nyingine.

Kila tukienda tunamkuta daktari mwingine. Naanza kusimulia upya, anafungua ukurasa mpya, anatibu homa ya siku ile, basi. Hakuna aliyewahi kurudisha kurasa nyuma akazisoma zote kwa pamoja. Siwalaumu sana, foleni naiona kwa macho yangu, lakini mimi ndiye ninayerudi naye nyumbani.

Nyumbani nako maneno. Mama mkwe anasema ni meno ya plastiki, kuna bibi kijiji cha jirani anayatoa. Jirani yangu kasema mbele ya watu kwamba mtoto amebemendwa, yaani anaumwa kwa sababu nimetoka nje ya ndoa huku nanyonyesha. Mume wangu ni dereva wa lori, kwa mwezi yuko nyumbani siku sita au saba, kwa hiyo maneno ya namna hiyo yamepata pa kukaa. Imefika mahali namnyonyesha mwanangu huku najihesabia makosa ambayo siyajui.

VVU nilipima wakati wa ujauzito na nimerudia mwanangu akiwa na miezi mitatu, niko salama. Ninachoomba ni kimoja: kuna kipimo gani ambacho hatujakifanya? Nikienda, nitaje nini?

Shangazi wa Magu

Pole mwanangu. Mimi ni mtu mzima, nimelea saba. Wangu wa tano aliharisha na kuchemka hivyo hivyo mwaka 2009, tukamtoa meno ya plastiki na akapona. Hospitali hawayajui hayo. Usimpuuze mama mkwe wako, muda unakwenda.

Muuguzi wa Watoto, Kahama

Shikamoo shangazi. Kwa heshima zote, hapa naomba nikupinge, kwa sababu wanaoletwa wodini baada ya hapo tunawapokea sisi. Kile kinachochimbuliwa kwenye ufizi na kuonyeshwa kama jino la plastiki ni chipukizi la jino la mtoto mwenyewe, laini na jeupe kwa kuwa halijakomaa. Linatolewa kwa kisu, wengine kwa njiti ya baiskeli. Mtoto anavuja damu, anaingiza vijidudu, anashindwa kunyonya. Na huyu wa Mama K aliwahi kukutwa na damu 5.4! Hana hata kijiko cha kumwaga.

Mama K, pole sana. Mtoto nisiyemwona siwezi kumtibu, lakini kuna mambo manne nataka unijibu, na usijibu haraka, kaa ukumbuke:

Amewahi kuvimba viganja au nyayo, hata kama kulipona kwenyewe? Macho yake ukiyatazama mchana nje, siyo kwa taa, yana unjano? Tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu unahisi kitu kigumu? Na kwenye ukoo wenu wawili, kuna watoto waliofariki wadogo kwa "kuishiwa damu" au "bandama"?

Mama K, Sengerema

Dada muuguzi, nimesoma swali la kwanza mikono ikanitetemeka.

Alivimba. Ilikuwa ile homa ya kwanza kabisa, miezi sita. Alikuwa na uzi mweusi wenye shanga mkono wa kulia, bibi yake alimvisha. Asubuhi nilipomwogesha nikaona uzi umezama kwenye nyama, mgongo wa kiganja umetuna, unang'aa kama andazi. Nikaukata kwa wembe huku analia kilio ambacho sikuwahi kukisikia. Ukiugusa mkono tu anapiga kelele. Nikadhani kaumwa na mdudu au kaulalia. Kesho yake nyayo zote mbili nazo zikajaa, soksi haikuingia. Kituoni niliwaonyesha, wakasema labda ni baridi, tumfunike. Baada ya siku tano ukaisha wenyewe. Kwa kuwa uliisha, sikuutaja tena popote. Katika daftari lote hili la kurasa kumi na nne haumo. Hakuna aliyeuandika na mimi sikuusema.

Macho: ndiyo, kidogo, nilidhani ndivyo alivyo. Tumbo ni kubwa lakini ni mtoto.

Ukoo: wifi yangu, dada wa mume wangu, alipoteza watoto wawili, mmoja wa mwaka na miezi, mwingine wa miaka mitatu. Walisema damu iliisha. Na kwetu mimi nilikuwa na kaka aliyenifuata. Alifariki na miaka minne nikiwa darasa la pili. Namkumbuka macho ya njano na tumbo lililochomoza kushoto. Tulisema ni bandama, akachanjwa chale, zilikuwa mistari mitatu hapa ubavuni. Sijawahi kuwaweka watoto hawa kwenye sentensi moja hadi leo.

Muuguzi wa Watoto, Kahama

Asante kwa kukumbuka vizuri hivyo. Kipimo ambacho ningekutaka ukitaje ni cha selimundu, wengine wanaita siko seli. Narudia, huenda siyo. Lakini mtoto mwenye historia hii, tena Kanda ya Ziwa, hapaswi kukaa siku nyingi bila kupimwa.

Nikueleze kwa nini naiwaza. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni duara na laini, zinapita hata kwenye mishipa myembamba kama unywele. Kwenye selimundu zinapinda kama mundu, zinakuwa ngumu, zinanasa. Kwa mtoto mdogo mara nyingi zinanasa kwanza kwenye vifupa vya mikono na miguu, ndiyo ule uvimbe unaokuja na kilio na kuondoka wenyewe. Kwa watoto wengi ndiyo hodi ya kwanza ya ugonjwa huu. Chembe ya kawaida inaishi siku 120 hivi, hizi zinaishi siku 10 hadi 20, mwili haumudu kutengeneza mpya kwa kasi hiyo. Hapo damu inapungua na macho yanakuwa ya njano. Na ile bandama yenyewe, ambayo kazi yake ni kuchuja vijidudu, inaharibika mapema sana, kwa hiyo nimonia na homa za bakteria zinamwingia kwa urahisi. Malaria nayo ikimpata inamwangusha kuliko mwenzake.

Umeandika kwamba hadi miezi mitano alikuwa mzima. Hilo nalo linaeleweka. Mtoto anazaliwa na himoglobini (kile kinachobeba hewa ndani ya chembe nyekundu) ya tumboni, ambayo inazuia chembe zisipinde, na inamlinda miezi ya mwanzo. Ikishapungua, ile aliyorithi inachukua nafasi. Ndiyo maana wengi wanaanza kuumwa karibu na miezi sita, na ndiyo maana lawama inaangukia meno, uji wa kwanza, au mama.

Ukifika hospitali sema hivi: "Mtoto alivimba mikono na miguu akiwa na miezi sita, damu ilishuka hadi 5.4, kuna vifo vya watoto pande zote mbili, naomba apimwe selimundu." Kama wana elektroforesisi ya himoglobini, yaani kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, ndiyo inayotoa jibu kamili. Kile kipimo cha kuangalia tu kama chembe zinapinda hakitofautishi vizuri mgonjwa na aliyebeba kinasaba. Na jambo moja usilisahau hata kidogo: waambie tarehe aliyoongezewa damu. Damu ya mtu mwingine inakaa mwilini wiki nyingi na inaweza kuvuruga jibu. Wakijua watalisoma inavyotakiwa, na wanaweza kuwapima na ninyi wazazi.

Kuhusu kubemenda. Mama, selimundu haipatikani kwa tabia ya mtu. Mtoto anaurithi kwa baba na kwa mama, nusu kwa nusu. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja kabeba kinasaba kimoja bila kujua. Kwa kila mimba yao kuna nafasi moja kati ya nne mtoto achukue vyote viwili. Huku kwetu kimeenea kwa sababu aliyebeba kimoja anapata kinga dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi na vizazi wao ndio waliopona. Tanzania inakadiriwa watoto wapatao 11,000 wanazaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Hauko peke yako, na hukumkosea mwanao.

Baba wa Watatu, Kisumu

Dada, pole sana. Mimi ni mzazi wa Kenya, upande huu mwingine wa ziwa lenu. Binti yangu ana miaka tisa na ana huu ugonjwa. Yuko darasa la nne, anaimba kwaya, jana amegombana na kakake juu ya chapati. Nimeanza na hilo ili uliweke moyoni kabla sijasema mengine.

Kabla yake tulikuwa na kijana. Alikuwa na miezi kumi na nne. Hatukujua. Alishikwa na homa saa mbili usiku, tukampa dawa ya kushusha, ikashuka, tukasema tutampeleka asubuhi. Saa kumi alfajiri alikuwa ameshaenda. Sijawahi kuiandika hii mahali popote. Naiandika kwako kwa sababu mtoto wako ana umri karibu na ule.

Kwa hivyo hata kabla ya majibu kutoka, mchukulie kama mtoto ambaye homa yake haingojei asubuhi. Nunua kipimajoto. Kikisoma 38.5 au zaidi, au huna kipimajoto na umemshika ni moto, unatoka. Ikiwa ni usiku, unatoka usiku. Weka nauli ya dharura pembeni, ndani ya kitabu chake cha kliniki, na usiiguse kwa unga wala kwa nini. Sisi tulipanga na jirani mwenye bodaboda, nambari yake imeandikwa ukutani kwa makaa.

La pili ni bandama. Omba daktari akufundishe kuipapasa. Mtoto alale chali, ametulia, vidole vyako vianze chini kushoto vikipanda polepole kuelekea mbavu. Kuna siku damu nyingi inaweza kujifungia mle kwa ghafla, tumbo linavimba, mtoto anakuwa mweupe midomoni na mlegevu. Hiyo ni kukimbia. Mke wangu aliishika mara mbili kwa binti yetu, na mara zote mbili alipata damu kwa wakati.

Na kuna dawa, usikubali mtu akuambie hakuna. Haidroksiyurea imebadilisha nyumba yangu. Binti alikuwa akilazwa mara tano kwa mwaka, tangu aanze, mwaka juzi alilazwa mara moja. Ilifanyiwa utafiti kwa watoto wa Afrika wenyewe, Kilifi hapa Kenya, Mbale Uganda, Kinshasa na Luanda, matokeo yakatoka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata malaria ilipungua. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, si ya kujinunulia tu dukani.

Mpe pole mzee wako pia. Akina baba tunaosafiri tunayasikia haya kwenye simu, hatujui tuyaweke wapi.

Shangazi wa Magu

Nimesoma yote. Baba wa Kisumu, Mungu akupe nguvu. Mama K, achana na lile nililokuambia jana, mpeleke mtoto.

Mama K, Sengerema (baada ya wiki tatu)

Wapendwa, nimerudi.

Nilimsubiri mume wangu arudi safari, kwa sababu dada muuguzi alisema huenda wakatupima na sisi, na kwa sababu nilitaka asikie kwa masikio yake. Nilimsomea maneno ya Baba wa Watatu usiku ule alipofika. Hakusema kitu. Saa kumi na moja alfajiri ndiye aliyeniamsha.

Tulikwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi, karibu kilomita 3 juu ya maji, tunavuka kwa dakika chache. Zamani ungemkuta mama na mtoto wa moto kwenye foleni ya kivuko, na kikiondoka ameachwa. Niliwaza hivyo tulipokuwa katikati ya daraja, nikamkumbuka kaka yangu.

Nilitaja yale maneno kama nilivyoandikiwa, nilikuwa nimeyanakili kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Daktari, dada mdogo tu, akaweka kalamu chini. Akalichukua daftari akalisoma lote kuanzia mwanzo. Mara ya kwanza mtu kufanya hivyo. Akapapasa tumbo akanishika mkono wangu akauweka pale. Bandama ya mwanangu inajitokeza vidole viwili chini ya mbavu, ina ukingo kama ukingo wa ulimi. Nimeshika vitambaa maisha yangu yote, vidole vyangu vinajua pindo lilipo. Sasa vinaijua na hiyo.

Majibu: mimi AS, mume wangu AS, mtoto SS. A ni ya kawaida, S ni ya selimundu: sisi kila mmoja kabeba S moja, mtoto kachukua zote mbili. Kulikuwa na A kidogo kwenye damu yake, wakasema ni ya ile aliyoongezewa, watarudia kipimo akitimiza mwaka. Daktari alichora duara nne kwenye karatasi, nusu nusu, akampa mume wangu kalamu aweke alama mwenyewe ya nani katoa nini. Mume wangu aliweka alama moja upande wake, moja upande wangu. Akaipiga picha karatasi ile.

Jioni alimwonyesha mama yake. Mama mkwe aliiangalia muda mrefu, halafu akauliza, "Basi wale wawili wa wifi yako?" Hakuna aliyemjibu. Akavuta kigoda akakaa, akajifunika uso kwa kanga. Tangu siku ile hajataja meno. Jana kamkataza yule jirani kuingia uani kwetu, na sikumwomba.

Sasa tuna penisilini nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, daktari kasema hadi afike miaka mitano bila kuruka. Folik asidi kila siku. Dawa ya kinga ya malaria, na chandarua hata mchana akilala. Haidroksiyurea tutaanza mwezi ujao akishapimwa tena. Wifi yangu naye kachukua watoto wake wawili waliobaki, wamekwenda kupima leo. Mama yangu nilimpigia simu nikamwambia ugonjwa uliomchukua mwanawe una jina. Alinyamaza, kisha akaniomba nilitamke polepole alishike.

Uzi wa shanga nimemvisha tena, safari hii naweza kupitisha vidole vyangu viwili. Kila asubuhi navipitisha.

Baba wa Watatu, nauli imo kwenye daftari. Asante kwa kumwandika mwanao kwa ajili ya wangu.

Swali moja limebaki: hiyo penisilini anaitema. Nasaga, nachanganya kwenye uji, anakula vijiko viwili anageuza uso, sijui kameza kiasi gani. Mnafanyaje?

Muuguzi wa Watoto, Kahama

Usiiweke kwenye bakuli zima la uji, akibakiza uji amebakiza dawa. Isage kati ya vijiko viwili, idondoshee maziwa yako kidogo tu, kama kijiko kimoja cha chai. Mpe kabla hajanyonya, akiwa na njaa. Dawa hii yenyewe inaingia vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Omba famasi bomba la sindano lisilo na sindano, pitisha pembeni ya shavu, siyo katikati ya ulimi, sukuma kidogo kidogo, umngoje ameze kila mara. Kisha mpe ziwa hapo hapo. Akitapika yote dakika chache baada ya kumeza, rudia.

Baba wa Watatu, Kisumu

Hiyo ya shavu ndiyo tuliyotumia. Mwimbie wakati huo huo, wimbo mmoja, usiubadilishe.

Mama K, Sengerema

Nimepata bomba. Leo jioni kameza yote.